Kompyuta ya Ofisini Haifunguki Ukiwa Nyumbani? Pima Kuanzia Ndani Kwenda Nje

Remote Desktop ya Windows, yaani njia ya kutumia kompyuta ya mbali kana kwamba umekaa mbele yake, ikigoma, mara nyingi hukutupia ujumbe mmoja wenye sababu tatu ndani yake: huenda huduma haijawashwa, huenda kompyuta imezimwa, huenda haipo kwenye mtandao. Ujumbe huo si wa uongo, lakini haukusogezi popote, kwa sababu hitilafu nyingi tofauti zote huonekana kwa sura hiyo hiyo. Hapo ndipo watu huanza kugusa kila kitu kwa mpigo: faiawoli (ukuta wa ulinzi unaochuja mawasiliano) inazimwa, nenosiri linabadilishwa, poti inafunguliwa kwenye ruta. Kompyuta ikikubali, hakuna anayejua kilichoiponya, na faiawoli inabaki imezimwa mwaka mzima.

Pima hatua kwa hatua, kuanzia kwenye kompyuta yenyewe, kisha mtandao wa ofisini, kisha njia ya kutoka nje. Nenosiri liache mwisho. Kila hatua ina kipimo chake, na usivuke kwenda ya pili kabla ya kwanza haijajibu vizuri.

Tuchukue hali ya ofisi nyingi ndogo: kompyuta ya mezani yenye Windows 11 na programu ya uhasibu kama Tally au QuickBooks, intaneti ya ruta ya 4G yenye laini ya simu, na mhasibu anayetaka kufunga hesabu za mwezi kwa laptop akiwa nyumbani.

Kompyuta yenyewe

Fungua Settings, System, About, utazame toleo. Likiwa ni Home, ishia hapo. Windows Home inaweza kuifungua kompyuta nyingine, lakini yenyewe haipokei mgeni. Ili ipokee unahitaji Pro, Enterprise au Education. Laptop ya nyumbani inaweza kuwa Home bila shida. Ya ofisini ndiyo yenye sharti.

Likiwa Pro, nenda Settings, System, Remote Desktop, washa swichi. Kisha fungua dirisha la amri uandike:

`netstat -an | findstr :3389`

3389 ni namba ya poti, yaani mlango ambao Remote Desktop hupokelea wageni. Ukiona mstari wenye neno LISTENING, mlango una mtu wa kufungua. Usipouona, fungua services.msc, tafuta Remote Desktop Services, uiwashe. Swichi ikikataa kukaa na inarudi yenyewe, basi kuna sera ya kampuni inayoifunga, na hilo ni la msimamizi wa mtandao.

Ndani ya ofisi

Andika ipconfig kwenye kompyuta ya ofisini upate anwani yake, tuseme 192.168.1.50. Sasa chukua laptop iliyo kwenye Wi-Fi ileile, fungua PowerShell, dirisha jingine la amri la Windows:

`Test-NetConnection 192.168.1.50 -Port 3389`

Mstari unaokuhusu ni TcpTestSucceeded. True, endelea. False, na netstat ilionyesha LISTENING, basi kuna kitu kinazuia katikati. Usipime kwa ping peke yake: faiawoli ya Windows mara nyingi hunyamazia ping huku poti ikiwa wazi kabisa, kwa hiyo ping kukosa jibu hakuthibitishi chochote.

Usizime faiawoli nzima. Washa kanuni za Remote Desktop tu, kwenye PowerShell uliyoifungua kama msimamizi:

`Enable-NetFirewallRule -DisplayGroup "Remote Desktop"`

Kama bado, tazama mambo mawili. La kwanza, programu ya kuzuia virusi. Nyingi huja na faiawoli yake, na ile ya Windows hata uifungue vipi, hiyo ya pili inabaki imefunga. La pili, Wi-Fi ya wageni. Ruta nyingi huvitenganisha vifaa vilivyo kwenye Wi-Fi ya wageni visionane, hivyo laptop iliyounganishwa humo haitaifikia kompyuta ya mezani kamwe. Pia mtandao wa ofisi uandikwe Private, si Public. Kwenye Public Windows huwa na masharti makali zaidi.

Kabla hujaondoka, iwekee kompyuta anwani ya kudumu. Ingia kwenye ukurasa wa ruta, sehemu ya DHCP, ile inayogawa anwani, uifungie anwani ile kwa kutumia namba ya kadi ya mtandao, inayoonekana kwenye ipconfig /all kama Physical Address. Bila hivyo, siku umeme ukikatika na ruta ikawaka upya, 192.168.1.50 inaweza kuangukia simu ya mtu.

Kutoka nje: poti usiifungue

Ushauri wa zamani ni kuingia kwenye ruta na kuielekeza poti 3389 kwenye kompyuta ya ofisini. Usifanye hivyo. Kuna programu zinazozunguka intaneti nzima usiku na mchana zikigonga mlango huo na kujaribu manenosiri, na wanaofunga mafaili ya watu kisha kudai malipo wameingia kwa njia hiyo mara nyingi. Mwezi Mei 2019 lilitangazwa tundu la BlueKeep, lenye namba CVE-2019-0708, ambalo liliruhusu mtu kuingia kupitia Remote Desktop bila nenosiri kwenye Windows 7 na zilizotangulia. Hatari ilikuwa kubwa kiasi kwamba Microsoft ilitoa kiraka hata cha Windows XP, iliyokuwa imekwisha kuachwa. Kubadilisha poti kutoka 3389 kwenda namba nyingine hupunguza kelele tu. Anayetafuta ataiona.

Halafu kwenye laini ya simu njia hiyo kwa kawaida haifanyi kazi kabisa, na watu hupoteza siku nzima bila kujua kwa nini. Tazama anwani ya nje iliyoandikwa kwenye ukurasa wa ruta, kisha ilinganishe na ile inayoonyeshwa na tovuti ya kutazama anwani ya IP. Zikitofautiana, au ile ya ruta ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ombi linalotoka nje linafika kwake na kufia huko. Hakuna unachoweza kubonyeza kwenye ruta yako kikalibadilisha hilo.

Suluhisho la shida zote mbili ni VPN, yaani njia iliyofungwa kwa siri inayounganisha kompyuta zako kupitia intaneti kana kwamba ziko kwenye mtandao mmoja. Kwa ofisi isiyo na seva, Tailscale ndiyo nyepesi kuliko zote: iweke kwenye kompyuta zote mbili, ingia kwa akaunti moja, kila moja itapewa anwani inayoanza na 100, na anwani hiyo haibadiliki hata ruta ikibadilika. Ndiyo utakayoiandika kwenye Remote Desktop badala ya 192.168.1.50. Ina mitego miwili. Kwenye kompyuta ya ofisini washa chaguo la Run unattended, la sivyo kompyuta ikijiwasha upya VPN itamsubiri mtu aingie kwanza, na huyo mtu ni wewe uliye nyumbani. Kisha kwenye ukurasa wa usimamizi zima ukomo wa ufunguo kwa kompyuta hiyo, maana ufunguo kwa kawaida hukoma baada ya siku 180 na mashine inatoka kwenye mtandao bila kelele.

Mwenye seva yenye anwani yake ya wazi anaweza kujijengea VPN kwa programu ya WireGuard. Poti yake ya kawaida ni UDP 51820 (UDP ni namna ya kutuma data bila kusubiri uthibitisho). Kwenye upande wa ofisi usisahau `PersistentKeepalive = 25`, kwa kuwa bila hiyo mtoa huduma huifunga njia ikikaa kimya kidogo.

VPN ikishafanya kazi, bana mlango umtambue mgeni mmoja. Chukua anwani ya VPN ya laptop, tuseme 100.90.12.7:

`Set-NetFirewallRule -DisplayGroup "Remote Desktop" -RemoteAddress 100.90.12.7,192.168.1.0/24`

Sehemu ya pili ni mtandao wa ofisini. Irekebishe ilingane na wa kwako. Usiandike fungu lote la 100.64.0.0/10, yaani anwani zote za 100.64 hadi 100.127, kwa uvivu: kompyuta inayotumia modemu ya USB moja kwa moja inaweza kujikuta imeruhusu wateja wengine wa mtandao huohuo wa simu.

Nenosiri sahihi linalokataliwa

Hapa ndipo penye malalamiko mengi, na mara nyingi mtumiaji hana kosa.

PIN ya tarakimu nne unayofungulia kompyuta kila asubuhi si nenosiri. PIN ni ya kifaa kile tu, na Remote Desktop haiipokei. Akaunti isiyo na nenosiri nayo hukataliwa kwa makusudi, ikitoa ujumbe kuhusu vizuizi vya akaunti, iwekee nenosiri.

Jina nalo hukosewa. Kwenye kompyuta ya ofisini andika `whoami`, upate kitu kama OFISI-PC\mhasibu. Hilo lote, pamoja na mkwaju wake, ndilo la kuandika. Ukiandika mhasibu peke yake, laptop inaweza kudhani ni mhasibu wa kwake. Kama akaunti ni ya Microsoft, andika MicrosoftAccount\ kisha barua pepe kamili. Usifuate jina la folda ndani ya C:\Users, kwa kuwa Windows huchukua herufi tano za mwanzo za barua pepe tu.

Kisha kuna lile linalowachanganya hata mafundi. Barua pepe ni sahihi, nenosiri linafungua barua pepe hiyo kwenye kivinjari, lakini Remote Desktop inalikataa. Sababu ni kwamba kompyuta ilisajiliwa kwa PIN au alama ya kidole tangu siku ya kwanza, na nenosiri la Microsoft halijawahi kuandikwa juu yake hata mara moja, kwa hiyo haina cha kulinganishia. Nenda Settings, Accounts, Sign-in options, zima lile chaguo linaloruhusu Windows Hello (PIN, uso au alama ya kidole) pekee kwa akaunti za Microsoft. Funga skrini, kisha ingia kwa nenosiri mara moja ukiwa hapo mezani. Baada ya hapo mlango wa mbali nao utakubali.

Mtumiaji asiye msimamizi lazima aongezwe kwenye kundi la Remote Desktop Users. Na usibahatishe manenosiri: Windows 11 za karibuni hufunga akaunti kwa muda wa dakika 10 baada ya majaribio 10 yaliyokosea, na ndani ya muda huo hata nenosiri sahihi linakataliwa.

Ukiona ujumbe unaotaja CredSSP, utaratibu wa Windows wa kupitisha jina na nenosiri, upande mmoja umebaki nyuma kwa masasisho, hasa yale ya Mei 2018. Sasisha upande uliochelewa. Mtandaoni utakuta amri ya kulegeza ulinzi upande wa pili, iache.

Imeingia, lakini skrini nyeusi

Bonyeza Ctrl+Alt+End, ambayo huko mbali ni Ctrl+Alt+Del. Task Manager ikifunguka, endesha explorer.exe na skrini ya kawaida itarudi.

Isipofunguka na baada ya muda ukatupwa nje, shuku njia. Pakiti ndogo za nenosiri zilipita. Pakiti kubwa za picha zinakwama. Pima ukiwa kwenye VPN:

`ping -f -l 1372 anwani`

1372 ukijumlisha baiti 28 za vichwa ni 1400. Ukiambiwa pakiti inahitaji kugawanywa, au haijibu ilhali ping ya kawaida inajibu, shusha MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) ya WireGuard kutoka 1420 hadi 1280. Tailscale tayari hutumia 1280, hivyo ukiwa nayo ruka hapa uende kwenye UDP. Mitandao mingine huibana UDP katikati ya kazi na picha inaganda. Ilazimishe laptop itumie TCP, inayosubiri uthibitisho:

`reg add "HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows NT\Terminal Services\Client" /v fClientDisableUDP /t REG_DWORD /d 1 /f`

Ikiwa picha inakuja ila inajikokota, kabla ya kuunganisha bonyeza Show Options. Kwenye Display shusha rangi hadi biti 16, kwenye Experience ondoa picha ya nyuma na mbwembwe za madirisha. Bando nalo litadumu. Kunakili na kubandika kukigoma, ua rdpclip.exe kwenye Task Manager ya kompyuta ya mbali, kisha uiendeshe tena.

Usingizi na umeme

Kompyuta inayopatikana saa nane na kupotea saa tisa huwa imelala.

`powercfg /change standby-timeout-ac 0`

`powercfg /change hibernate-timeout-ac 0`

Skrini izimike, mashine ibaki macho. Ndani ya BIOS, mipangilio inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka, tafuta mpangilio wa nini kifanyike umeme ukirudi, uuweke kwenye kuwaka. Jina lake hutofautiana kwa kila mtengenezaji, mara nyingi lina maneno AC Power. UPS ndogo iikinge kompyuta na ruta pia. Kompyuta iliyo hai nyuma ya ruta iliyozimika haifikiki.

Wenye Windows Home wanaweza kutumia AnyDesk, TeamViewer au RustDesk, zinazopita kwenye seva ya kati bila poti kufunguliwa. Isakinishe kabisa na uipe nenosiri la kuingia bila mtu kuwepo. Ikiendeshwa bila kusakinishwa, dirisha la Windows la kuomba ruhusa ya msimamizi likitokea huwezi kulibonyeza. Na namba ya kuingilia usimpe mtu yeyote aliyekupigia simu akijiita wa benki au wa kampuni ya simu, hata akijua jina lako.

Windows Pro humpokea mtu mmoja kwa wakati: ukiingia wewe, skrini ya ofisini inajifunga, na aliyekaa pale akiingia, wewe unatoka. Wapo mafundi wanaochezea faili la termsrv.dll ili watu wengi waingie pamoja. Ni kinyume na leseni, na sasisho linalofuata linaweza kuivunja katikati ya kazi. Kufunga dirisha kwa alama ya X hakukutoi, programu ya uhasibu inabaki wazi na mwenzako anaweza kuambiwa faili linatumika. Tumia Sign out. Ukihitaji kuiwasha upya, andika `shutdown /r /t 0` na uhakikishe ni /r, kwa kuwa ukiandika /s kompyuta itazimika na itabidi mtu aende ofisini kubonyeza kitufe.