Povu Nililolipuuza

Wiki iliyopita niliandikiwa na mama mmoja ambaye binti yake, mwenye umri wa miaka 15, ana lupasi, ugonjwa wa kinga ya mwili, iliyokwisha kufika kwenye figo. Hakuniuliza chochote kuhusu figo. Aliuliza amfanyeje mtoto anayejifanya kumeza vidonge mbele yake, kisha akaenda kuvitema chooni. Nimemjibu pembeni, lakini swali lake limenikaa moyoni, kwa sababu miaka 12 iliyopita mtoto huyo nilikuwa mimi.

Nilianza kuugua nikiwa na miaka 16. Vidole viliniuma kila asubuhi, mashavu yalitoka vipele nikikaa juani, na uchovu ulinizidi hata nikawa nasinzia huku nafunga kamba za viatu. Watu wazima wawili, mmoja wao mhudumu wa afya, walisema ni uvivu wa umri. Neno hilo sijalisahau, wala sitajifanya kwamba nimelisamehe. Wakati wanalisema, mkojo wangu ulikuwa tayari una povu zito jeupe lililobaki chooni hata baada ya kumwaga maji, nami nikadhani ni sabuni ya kusafishia. Nikiamka kope zimevimba. Jioni nikivua soksi, alama zake zimezama kwenye vifundo vya miguu.

Povu lile lilikuwa protini. Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja, na katika lupasi kingamwili ambazo kazi yake ni kupambana na vijidudu huugeukia mwili wenyewe, zikanasa katika vichujio hivyo na kuvivimbisha, hata vikaanza kuvujisha protini na damu. Watoto na vijana wenye lupasi hupatwa na hali hii mara nyingi kuliko watu wazima, tena kwa ukali zaidi. Na figo zikiharibika hivi kwa kawaida haziumi, kwa hiyo anayesubiri maumivu ya kiuno ndipo aende kupima anaweza kusubiri mpaka zimechoka kabisa.

Nilifanyiwa biopsi, yaani kutolewa kipande kidogo cha figo kwa sindano ili kipimwe, nikiwa nimelala kifudifudi, nikaambiwa nibane pumzi, nikasikia mlio mfupi kama wa stepla, kisha nikalazwa chali kwa saa kadhaa bila ruhusa ya kuinuka. Majibu yalionyesha lupasi ya figo ya daraja la 4, ambalo ni miongoni mwa yale makali. Nikaanzishiwa dawa za kuituliza kinga ya mwili: prednisoloni kwa dozi kubwa, mikofenoleti na haidroksiklorokwini. Miezi iliyofuata naipita, maana ilikuwa ya foleni na sindano tu.

Nisiloweza kulipita ni suala la uso. Prednisoloni iliuvimbisha ukawa wa mviringo, na katika picha ya darasa nilijitafuta mstari mzima kabla ya kujitambua. Kwa kuwa nilijisikia mzima, nikaanza kuruka dozi, leo moja, kesho mbili, hadi nikaacha kabisa bila kumwambia mtu. Sikujua kwamba mwili uliozoea prednisoloni husahau kutengeneza homoni yake wenyewe inayofanana na dawa hiyo, na kuiacha ghafla kunaweza kumuua mtu. Baada ya wiki chache povu lilirudi na shinikizo la damu likapanda. Daktari hakunigombeza. Alisema, "Ungeniambia, tungeipunguza pamoja," na maneno hayo yaliniuma kuliko makaripio. Sehemu ya figo iliyopata kovu wakati ule haikurudi.

Ndiyo maana nawasisitizia vijana wenzangu: pimeni mkojo. Upimeni mkiwa wagonjwa, upimeni hasa mkiwa wazima, na damu na shinikizo vipimwe pamoja nao, kwa kuwa mgonjwa anaweza kudanganya kama nilivyodanganya mimi, lakini protini katika mkojo haifichiki. Msimeze ibuprofeni wala diklofenaki kwa maumivu ya viungo bila kumuuliza daktari wa figo. Msichana anayetumia mikofenoleti aelezwe mapema, bila haya, kwamba dawa hiyo hudhuru mimba. Jikingeni na jua. Na mkojo, narudia, upimwe.

Mwezi uliopita, kwa mara ya kwanza tangu utoto wangu, kipimo changu cha protini kilirudi katika kiwango cha kawaida. Nililitazama karatasi lile mara tatu, na sioni aibu kusema kwamba nilijivunia.

Kwa mama aliyeniandikia, sikushauri usimame mlangoni mwa choo. Siku ya kliniki ijayo, mwombe daktari azungumze na binti yako kwa dakika kumi akiwa peke yake, nawe ubaki nje. Mimi nilikiri habari ya vidonge siku ya kwanza ambayo mama yangu hakuingia nami.