Simplex Prestige iliyopasuka: kufunga Shimano badala yake

Umeuliza kama kibadilisha gia cha nyuma cha Shimano kitaingia kwenye baiskeli yako ya Peugeot ya miaka ya 1970, badala ya Simplex Prestige, kibadilisha gia cha plastiki kilichopasuka. Kitaingia, ila kwanza chunguza sikio la fremu, yaani kipande cha nyuma ambapo kibadilisha gia hufungwa. Tundu la Simplex halina hesi, na Shimano inataka hesi ya milimita 10 kwa 1 (kipenyo milimita 10, nafasi kati ya meno milimita 1); mpe fundi mzoefu aikate. Kizuio cha pembe, yaani sehemu ya sikio inayozuia kibadilisha gia kisizunguke kupita kiasi, nacho hakikai mahali pamoja kwa Simplex na Shimano. Usipokichonga upya, kibadilisha gia kitakaa mshazari na mnyororo utalegea.

Ukinunua mtumba, soma herufi mbili nyuma ya Shimano ujue ilitengenezwa lini: ya kwanza mwaka (A ni 1976, B 1977), ya pili mwezi. Prestige usiihangaikie kwa gundi, maana plastiki yake, Delrin, haishiki gundi.