Mwaka 1498, tena siku moja tu

Mwanangu,

Sisi huku hatujambo. Umeniuliza mjukuu wangu achague mwaka gani kwa kazi yake ya shule kuhusu Renaisansi, ule mwamko wa sanaa na elimu wa Ulaya, na kama 1492 hautoshi. Unatosha, lakini nusu ya darasa wataandika habari za Columbus kufika Amerika. Mwambie achukue 1498, na aanze na siku moja: Jumamosi, tarehe 7 Aprili.

Siku hiyo watu wa mji wa Florence, Italia, walijazana katika uwanja wa Piazza della Signoria kumtazama mtu akipita motoni. Mtawa Girolamo Savonarola alikuwa ameushika mji kwa mahubiri yake. Mwaka mmoja kabla, wafuasi wake walichoma hadharani vioo, mavazi ya fahari, vitabu na picha. Papa Alexander VI alikwisha kumtenga na Kanisa. Wafransisko, watawa wa shirika jingine, wakatoa changamoto: kama kweli ametumwa na Mungu, basi mmoja wao na mmoja wa watu wake wapite motoni tuone. Kuni zikapangwa. Kisha yakaanza mabishano: mtu aingie na joho gani? Aruhusiwe kushika msalaba? Saa zikapita, mvua ikanyesha, jioni ikafika, hakuna aliyeunguza hata ukucha. Watu waliokuja kuona muujiza wakarudi makwao wamefura. Kesho yake wakavamia makao ya watawa ya San Marco, na tarehe 23 Mei Savonarola akanyongwa na kuchomwa pale pale uwanjani, majivu yake yakatupwa mto Arno. Mwezi uliofuata serikali ya mji ikampa ukatibu kijana wa miaka 29, Niccolò Machiavelli, yule aliyekuja kuwa mwandishi maarufu wa siasa, ambaye naye aliwahi kwenda kuyasikiliza mahubiri yale. Mimi naona siasa yake aliianzia shule hapo.

Siku hiyo hiyo, Ufaransa, Mfalme Charles VIII alikuwa akienda kutazama mchezo wa tenisi katika kasri la Amboise. Mlango ulikuwa mfupi, akajigonga kichwa juu. Baada ya saa chache amekufa, umri miaka 27. Hakuacha mtoto. Akarithi ndugu yake wa ukoo, Louis XII, aliyedai na mji wa Milan, Italia, pia ni wake, na mwaka 1499 majeshi yake yakauteka mji huo. Mchoraji Leonardo da Vinci, ambaye alikuwa amemaliza juzijuzi tu picha ya Karamu ya Mwisho kwenye ukuta wa chumba cha kulia cha watawa wa huko, ikambidi afungashe.

Na siku hiyo hiyo merikebu za Mreno Vasco da Gama, aliyekuwa akitafuta njia ya bahari ya kwenda India, zilitia nanga nje ya bandari ya Mombasa. Mfalme wa mji aliwapelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa, na shajara ya safari yao wenyewe inakiri kuwa wagonjwa wao walipona hapa. Si ajabu, kiseyeye dawa yake ni hayo hayo machungwa. Siku chache baadaye Da Gama akawadondoshea mafuta yanayochemka mateka wawili ili waseme kama kuna njama dhidi yake. Usiku watu wakaogelea hadi kwenye merikebu, wakaanza kukata kamba. Hapo penye mafuta mtoto asiparuke, hata kama kitabu chake cha shule kimeparuka.

Tarehe 14 walifika Malindi, ambako mfalme wake, hasimu wa Mombasa, aliwapokea vizuri na kuwapa rubani. Tarehe 20 Mei walikuwa Calicut, India, siku tatu kabla ya Savonarola kuchomwa. Sisi tulifundishwa kwamba rubani yule ni Ahmad ibn Majid, baharia maarufu Mwarabu, na najua hata wewe uliandika hivyo kwenye mtihani. Wanahistoria wengi siku hizi hawakubali. Wanaona alikuwa mtu wa Gujarat. Mjukuu wangu aandike Mgujarati, na mwalimu akimkata maksi, nipigie simu nizungumze naye mwenyewe.

Mama yako