Jibu: Siku 4 kwenye milima ya barafu, nigawe vipi kilomita 60?

Habari mkuu. Umekwama kwenye kugawa kilomita 15 kila siku. Achana na kilomita kwanza, angalia mwinuko kwenye ramani. Kanuni ya Naismith ya mwaka 1892, ya kukadiria muda wa kutembea milimani, inasema saa 1 kwa kila kilomita 5, ongeza saa 1 kwa kila mita 600 unazopanda. Kilomita 15 zenye mita 1,200 za kupanda ni saa 5, tena bila kupumzika. Ukiwa na begi zito juu ya mawe yanayocheza, mimi huzidisha karibu mara mbili.

Kinachoharibu ratiba hasa ni mito. Maji ya barafu hupungua alfajiri, hupanda mchana jua likiyeyusha. Ukifika mtoni jioni, piga kambi hapohapo, vuka asubuhi. Kabla ya kuvuka legeza mikanda ya begi, ule wa kiunoni ufungue kabisa. Yale maji ya kijivu yana unga wa mwamba, yanaziba chujio vibaya sana: yaache yatulie sufuriani usiku, uchote ya juu.

Barafu yenye theluji juu inaficha nyufa. Kama hamjui kuokoana kwa kamba, chukueni mwongozaji au izungukeni. Chakula beba cha siku 5, moja ya akiba.