Jibu: Vita vya Maji Maji au vita vya Maji Maji?

Ndugu, umeuliza kama "vita", "mapinduzi" na "uhuru" yaanze kwa herufi kubwa kila yanapotokea kwenye insha yako ya historia. Si kila mara. Herufi kubwa ni ya jina la tukio, si ya aina ya tukio.

Ukiandika "Vita vya Maji Maji vilianza mwaka 1905", umetaja jina kamili, kwa hiyo V ni kubwa. Sentensi inayofuata ukisema "vita hivyo viliendelea hadi 1907", v inakuwa ndogo, maana jina hukulitaja tena. Vya, ya na la hubaki vidogo: Mapinduzi ya Zanzibar, Azimio la Arusha, Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Ugumu uko kwenye "Mapinduzi" likisimama peke yake. Mzanzibari akiandika "kabla ya Mapinduzi", msomaji wake anaelewa ni yale ya 12 Januari 1964, na mimi naona M kubwa ni sahihi kabisa hapo. Lakini "Idi Amin alichukua madaraka kwa mapinduzi ya kijeshi mwaka 1971" ni m ndogo. Hayo ni maelezo tu.

Uhuru ndio unaowachanganya wengi, kwa sababu tunaupenda. "Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961": u ndogo. "Siku ya Uhuru": U kubwa, ni jina la sikukuu.

Kama mhariri au mwalimu wako ana utaratibu wake, ufuate huo tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.