SL-10 imekwama? Weka chini hilo kopo la oili

Mkuu, weka chini hilo kopo. Nilipofika pale ulipoandika hapa jukwaani kwamba mkono wa pleya yako ya santuri, Technics SL-10, unanguruma bila kutembea, na kuna jamaa amekwambia upulizie reli oili ya kulegeza nati, moyo ukanipiga paa. Nilifanya hivyohivyo miaka minne iliyopita na mpaka leo linaniuma.

Hiyo mashine ya 1979 si sawa na pleya nyingine. Kwenye pleya za kawaida mkono umefungwa kwenye nguzo na mtaro wa santuri ndio unaouvuta. Mkono wako umo ndani ya kifuniko, umepanda kigari kinachoteleza kwenye reli, na kimota kidogo kinakiendesha kwa mkanda mwembamba wa mpira. Mkono ukipinda kidogo tu, kitambuzi cha mwanga kinaona, mota inasogeza kigari mpaka unyooke. Sasa mpira wa zaidi ya miaka 40 umelegea na grisi ya kiwandani imeganda kama nta. Ngurumo unayosikia ni mota inazunguka bure, mpira unateleza kwenye puli, kile kigurudumu unachokizungusha.

Mimi fundi mmoja wa Kariakoo aliniambia, kifuniko hajakifungua, "Huo ukavu tu, puliza oili." Nikapuliza. Balaa la oili ile, siku ya kwanza inakufurahisha! Kigari kilitembea kama kipya, nikaita nyumba nzima waje waone. Wiki haijaisha, oili imeyeyusha grisi kuukuu, uji mweusi umetambaa mpaka kwenye puli na mpira. Jumapili nikaweka LP ya Morogoro Jazz aliyoniachia marehemu baba, nikaenda jikoni kuchemsha chai. Nikasikia gitaa linarudia kipande kilekile, kilekile. Nakuja mbio, kigari kimesimama, sindano inachimba mtaro mmoja. Nikainua kifuniko kwa pupa, nikasukuma mkono kwa kidole urudi mwanzo. Kidole kikagusa kijiti cha sindano, kikapinda kama unywele.

Kichwa chenyewe, yaani kile kinachobeba sindano, kilikuwa kile cha asili, EPC-310MC, chenye koili ndogo inayocheza pamoja na sindano. Sindano yake huchomoi ukachomeka nyingine kama vichwa vya kawaida. Ikiharibika, kichwa kizima kwisha. Kukipata kingine cha mtumba kulinigharimu kuliko nilivyonunua pleya yenyewe. Na santuri ya mzee sasa inapiga "tak" kila mzunguko, palepale gitaa linapopamba moto. Hiyo hainunuliki popote.

Niliporudi kwa fundi akanijibu, "Vitu vya zamani ndivyo vilivyo." Uongo mtupu! Kitu kilikuwa kizima, kilihitaji mpira wa bei ya soda. Anayetibu bila kufungua si fundi, ni mpiga ramli, na mpiga ramli angalau anatandika mkeka kwanza. Mnaocheka chekeni, ila santuri zenu zifungieni kabatini akipita.

Mpira kwanza, oili mwisho kabisa. Chomoa umeme. Toa kichwa kabla ya yote, skrubu moja ndogo ubavuni, kinatoka kama plagi. Fungua kifuniko, toa mpira wa zamani, upime, utafute wa kipimo kilekile, usibahatishe. Reli isugue kwa spiriti na pamba za masikio, badilisha pamba mpaka itoke nyeupe kama ilivyoingia. Mimi zilikwisha pamba thelathini na kitu. Puli nayo vilevile. Hapo ndipo unaweka tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kitambaa, sio kwenye reli, unapitisha, halafu unafuta tena. Na kigari usikisukume kwa kidole hata kikigoma vipi.

Uliuliza pia amplifaya, na kama kweli pleya hii inapiga ikisimamishwa wima. Inapiga, kifuniko kinaibana santuri katikati. Amplifaya tutaongea mpira ukishapatikana. Ukifungua, piga picha ya puli kwa karibu uitupie hapa kabla hujagusa chochote. Nipo usiku wote.