Nataka kuwapelekea wafungwa tafakuri, nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo Bi. Mimi ni kijana wa Shela. Nilipokuwa nikifanya kazi kwenye nyumba ya wageni nilijifunza tafakuri, kukaa kimya na kufuata pumzi. Ilinishika mkono baba alipofariki. Sasa natamani kuwapelekea wafungwa wa Gereza la Hindi, kule bara ya Lamu, lakini rafiki zangu wanasema nitaonekana naleta dini ya kigeni. Unanishauri nini?
Msomaji, Shela

JIBU: Marahaba mwanangu, Mungu amrehemu baba yako. Nia yako ni njema na inahitajika. Nyinyi watu wa Lamu jela mlikuwa nayo katikati ya mji. Ile Ngome ya uwanja wa Mkunguni ilifunga watu tangu 1910 hadi 1984. Leo anayetaka kumwona nduguye lazima avuke maji hadi bara.

Mimi na kina mama wenzangu wa msikitini huingia upande wa wanawake, gereza la Malindi. Kwanza ongea na imamu na mchungaji wanaohudumu mle, kisha umwandikie mkuu wa gereza: wewe ni nani, utafanya nini, kwa muda gani.

Kuhusu dini, usiende na uvumba wala kengele. Muislamu akitaka kuifuata pumzi kwa Subhanallah ya kimoyomoyo, mwache. Mkristo na Zaburi yake, vivyo hivyo. Asiyetaka kabisa aondoke bila kuulizwa. Katiba yetu, kifungu cha 32, inakataza mtu kulazimishwa kutenda lililo kinyume na imani yake. Wakuu wakikuuliza limefanyika wapi, watajie magereza ya Tihar, Delhi, nchini India. Mwaka 1994, Kiran Bedi akiwa msimamizi, wafungwa zaidi ya elfu moja walikaa siku 10 za mafunzo ya vipassana, aina ya tafakuri ya kimya. Wewe anza na dakika tano.

Sasa sikiliza sana hili. Usimwamrishe mfungwa kufumba macho. Yuko mama mmoja ambaye kila tukienda huketi mgongo umegusa ukuta, uso kaelekeza mlangoni. Wenzake wakifumba macho kwa dua, yeye hutazama kizingiti, vidole vikisokota upindo wa nguo. Si utovu wa adabu. Mtu anayelala chumba kimoja na watu asiowachagua, macho ndiyo ulinzi wake. Mwambie mtu wa namna hiyo atazame viganja vyake, au sakafu. Na wewe usikae ukutani, waachie wanaouhitaji.

Wako pia ambao kimya kitawarudishia yale waliyoyakimbia: mtoto aliyeachwa kwa jirani, usiku wa tukio lenyewe. Mtu akilia, usimkatize na usimhubirie. Mkimaliza, muulize faraghani kama angependa kuonana na imamu au mchungaji, au muuguzi wa gereza. Mahabusu ndio wagumu zaidi kutulia, kwa kuwa akili yao yote iko kwenye tarehe ya mahakama. Usiwadai utulivu wasio nao.

Kesi ya mtu usiiulize. Wala usibebe barua, namba ya simu au tumbaku, kuingia au kutoka, hata ukibembelezwa kwa machozi. Ukikamatwa nayo, mlango utafungwa hata kwa watakaokuja nyuma yako.

Halafu piga hesabu ya safari kabla hujaahidi. Kutoka Shela hadi Mokowe ni boti, kisha gari hadi Hindi, na msimu wa kusi bahari hainyamazi. Afadhali Alhamisi moja kwa mwezi uitimize kuliko kila wiki ukapotea. Mle ndani mtu huhesabu siku, na aliyengoja mgeni asifike huumia kuliko ambaye hakuahidiwa.

Askari nao wakitaka kuketi nanyi, wakaribishe. Wanalala na kuamka humo humo, na sijaona anayewauliza usiku wao ulikuwaje.